Namba Alizozigonga Praful

Mimi Shaame ni Mpemba, na kusifu watu si kazi yangu. Lakini Praful, jirani yangu wa Kingsbury, nitamsifu hata mkinuna.

Alikuja London mwaka sitini na nane, wakati Wahindi wa Kenya walipokuwa wakifunga virago. Mfukoni alikuwa na barua moja: gereji aliyoitumikia Nairobi miaka kumi na mmoja ikishuhudia kwamba huyu ni fundi injini. Akaipeleka gereji baada ya gereji, hakuna aliyeifungua. Wakampa ndoo na kitambaa aoshe magari, na akaosha miaka sita. Mimi ningetukana mtu. Yeye aliwaamkia wote kwa majina, na akirudi nyumbani anatengeneza mashine za kukatia majani za majirani.

Mwaka sabini na nne, kwenye yadi ya vyuma chakavu, akakuta injini ya gari la Kimarekani, yale ya vijana wapenda mbio: silinda nane, la mwaka sitini na tisa. Bodi ilikwisha kuuzwa, na injini ilikuwa inangoja kuvunjwa. Praful akainunua, akaiweka bandani nyuma ya nyumba, akaipaka mafuta na kuifunika blanketi, akisema ipo siku itafungwa upya. Mkewe, Kokila, alikuwa akiiita mke mwenzangu.

Ikapita miaka kumi na sita. Mwenye nyumba akataka banda livunjwe kabla ya mwezi kwisha. Injini ipate mnunuzi au ikayeyushwe. Praful akatangaza gazetini, akaja mzungu mmoja wa Walthamstow, Colin. Alikuwa na bodi ya gari kama hilo, tupu, na anatafuta injini ile ile iliyotolewa humo. Nyingine haitaki, maana gari la namna hiyo thamani yake ni kuwa na injini yake ya kuzaliwa.

Tukiwa watatu bandani, Colin akaanza nyuma ya bloku, ule mwili wa chuma wa injini. Akasugua kwa brashi na mafuta ya taa mpaka ikatokea namba iliyomwagwa pamoja na chuma kiwandani, na tarehe yake. Akatabasamu. Aina ndiyo, mwaka ndio. Kisha akaja mbele, mahali palipogongwa tarakimu za mwisho za namba ya gari. Zililingana zote na karatasi yake ya namba za gari, lakini tabasamu likamtoka. Kiwanda huacha mistari yake juu ya chuma, na hapa mikwaruzo ya tupa ilikwenda upande mwingine. Akauliza nani amezigonga namba hizi.

Nikamwambia Praful kwa Kiswahili aseme aliikuta hivyo hivyo. Hakunitazama.

"Mimi," akasema. "Nimezigonga mimi."

Kha! Nilitamani kumziba mdomo. Akaeleza taratibu kwamba Nairobi, namba ikianza kuliwa na kutu, mkaguzi halipitishi gari. Kwa hiyo fundi anapiga tupa na kuzigonga upya tarakimu zile zile. Yeye aliona kutu, mkono ukafanya ulichozoea. Hakujua kwamba huku kazi safi namna ile ndiyo alama ya walaghai. Colin alisikiliza kwa adabu, lakini alikwisha kuanza kukunja karatasi yake. Nikajisemea, la kuvunda halina ubani.

Praful akamwomba asubiri. Fundi wa Nairobi hapigi tupa kabla ya kuweka karatasi juu ya namba na kupitisha penseli, ili mkaguzi aione ya zamani. Akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti alimoweka ringi za pistoni. Chini kabisa palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mistari ya kiwanda ilionekana humo, na tarakimu zilizolika, zile zile, moja baada ya nyingine.

Colin akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha akaigeuza.

Hapo ndipo nilipojua ni karatasi gani. Mwaka ule alioinunua injini, Praful alikwisha kukata tamaa nayo, akautumia mgongo wake. Colin akaisoma barua ya Nairobi pale bandani, mstari kwa mstari, bila haraka. Praful akasimama wima, mikono nyuma, kama kijana anayeomba kazi. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Colin akamaliza. Hakuuliza bei.

"Bwana Praful," akasema, "injini hii utanifungia wewe?"

Praful akaitikia kwa kichwa, kisha akaniomba nimshikie kopo, akakunja mikono ya shati. Nikalipokea kwa mikono miwili.