Wa Mia Mbili Arobaini na Moja

Hadi leo nikipita Mjimwema nikasikia filimbi ya mwalimu uwanjani, nakunja uso. Filimbi ile hunirudishia harufu ya chokaa mbichi na ya raba nyeupe ambazo Mama alininunulia kwa ajili ya halaiki. Mnivumilie, maana hasira hii haijapoa.

Nilikuwa darasa la tatu. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja Songea, na shule yetu ikatakiwa kucheza halaiki mbele yao. Tulichaguliwa watoto mia mbili arobaini na mmoja. Mwalimu wa michezo alitaka mistari iliyolingana, bila pengo wala ziada, akatupanga kwa kimo, warefu mbele. Mimi niliyekuwa mfupi kuliko wote nikawa wa mwisho.

Akapiga filimbi tujipange kumi kumi. Nikabaki mimi. Nane nane, nikabaki mimi. Kumi na mbili, kumi na tano. Watoto walihama huku na kule wakicheka, na vumbi likitua nipo peke yangu nyuma na raba zangu. Alipojaribu saba saba tulibaki watatu. Nilifurahi kupata wenzangu, ila yeye ndiyo kwanza akapandwa na hasira.

"Unaharibu mistari," akaniambia. "Kakae pale ulinde masweta ya wenzako."

"Mwalimu, mama ameshaninunulia raba."

"Utavaa kanisani."

Nikaamini nina mkosi. Siku yenyewe ilipofika nililinda masweta. Mama alikuja na kitenge kipya, akasimama kwenye kamba akinitafuta mstari kwa mstari. Nilimwona, yeye hakuniona. Jioni, akichochea moto, alisema tu, "Kwani hawajui kucheza duara? Ngomani kwetu aliyechelewa tunamsogelea, anaingia."

Sekondari ndipo nilipofundishwa namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikaikumbuka ya kwetu, nikaijaribu kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Ikagoma. Kuendelea hakukuwa na haja, kwa sababu kumi na saba mara kumi na saba tayari inaipita. Nikaweka kalamu chini nikakasirika upya. Mistari ile isingelingana hata angetupigia filimbi mpaka jua lizame. Angemwondoa mrefu wa mbele, ingelingana vilevile. Kosa halikuwa la kimo changu wala la nyota yangu, na bwana yule, msishangae, ndiye aliyekuwa anatufundisha hisabati.

Siku ile watu waliwapigia makofi watoto mia mbili arobaini. Mama alikuwa amekuja kumwona mmoja.