Siku Mume Wangu Alipomwangusha Mama

Mume wangu aliporudi kutoka vita vya Burma, watu wa Keko walimpokea kwa vigelegele. Walilishikashika koti lake la jeshi, wakamwomba asimulie. Hakusimulia. Alikaa ukumbini akiukodolea macho mlango mpaka wakachoka, wakaenda zao. Tangu hapo minong'ono ikaanza.

Mie mkewe nilijua zaidi yao. Nilijua ukimgusa bega ghafla atageuka mkono juu, na akishaona ni wewe, atalia kwa aibu. Nikajifunza kumwita kwa mbali kabla ya kumsogelea. Hayo sikumwambia mtu. Ya ndani ni ya ndani.

Siku moja yakatoka nje, mchana kweupe.

Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Mtoni. Kwetu sisi watu wa kusini heshima ya mkwe si mchezo: mume wangu hakula naye, hakumtazama usoni, na wakikutana njiani mmoja wao hupisha. Siku hiyo jirani alikuwa anaezua mabati yake makuukuu. Mama anakaribia mlango wetu, mafundi wakaachia bati moja, na mengine yakalifuata kwa kishindo. Nikamwona mume wangu anaruka kutoka ukumbini, anamkumba mama, wote chini mchangani. Alikuwa amemlalia, amemfunika kichwa kwa mikono yake, huku anapiga kelele za kijeshi ambazo hakuna aliyezielewa.

Mtaa mzima ukaona. Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga. Watu wakamvuta, wakamfunga kamba mikononi, naye hakubisha. Mimi ndiye niliyeifungua ile kamba, na aliyetaka kunizuia nilimwambia anifunge na mie.

Kesho yake jumbe wa mtaa alitupeleka kwa daktari wa serikali. Mzungu yule alimwangalia macho, akampigapiga magoti, akasema hana ugonjwa wowote. Kama anajifanya, aache. Kama ni kichaa kweli, kuna hospitali ya vichaa huko bara, atasafirishwa.

"Bwana daktari," nikasema, na jumbe akanikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza. "Mlipomchukua mlimpima mpaka meno. Leo mnamrudisha mnamtazama magoti tu?"

Mkalimani alitafsiri nusu, nyingine akaimeza. Nikamshika mume wangu mkono, tukatoka.

Nyumbani tukamkuta mjomba wangu, kaka yake mama, amekuja na wazee wawili. Hata shikamoo yangu aliipokea kwa pembeni.

"Mwanangu, mumeo karukwa na akili. Atoe talaka, urudi kwa mama yako. Yeye akatibiwe huko bara na wenzake."

"Simwachi, mjomba."

"Utaishi na kichaa?"

"Alipopelekwa vitani, nani kati yenu alisema asiende? Hakuna. Leo mnataka apelekwe tena. Kupelekwa kumetosha!"

Wazee wakaguna. Mjomba alikuwa anainuka kwa hasira pale sauti ya mama ilipotoka chumbani. Alikuwa amejifungia humo tangu jana, nasi tukadhani ni aibu.

"Aliyeangushwa ni mimi, na hakuna aliyeniuliza," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Yale mabati hayakuwa yananijia. Lakini yeye alidhani yananijia, na badala ya kukimbia akaja kwangu. Kaka, tumezaliwa tumbo moja. Umewahi lini kuniwekea mgongo wako?"

Mjomba alitafuta viatu vyake. Mume wangu, aliyekuwa amekaa chini kando ya mlango, aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea magotini.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa napepeta mchele, alinieleza mwenyewe. Huko msituni rafiki yake alikuwa karibu naye, hatua chache tu, bomu likaja. Yeye alijilaza peke yake. "Nilijiokoa," akasema. Sikumwambia asahau. Niliweka ungo chini nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Habari za kikao zilienea, na kilichonijia si kicheko nilichokitarajia. Alikuja mwanamke wa Temeke. Mumewe, askari pia, alikuwa hatoki chumbani. Akaja mwingine, ambaye mumewe alikuwa akinywa tembo mpaka analala mtaroni. Nikawaambia wawalete. Wanaume wakawa wanakutana uani kwangu kila Ijumaa baada ya sala, hata Mkristo mmoja wa bara, naye askari wa zamani. Mume wangu alikuwa fundi seremala, akawapa mbao wapige randa. Siku nyingine waliongea, siku nyingine ilisikika randa tu. Hatukumwita mganga wa pepo wala hatukuomba ruhusa kwa jumbe. Majirani waliotuita nyumba ya vichaa niliwajibu kwamba milango yao haifungi vizuri, waje watengenezewe na hao vichaa.

Siyo kwamba walipona. Mume wa yule wa Temeke tulimzika mwaka uliofuata, na hadi leo sitaki kusema alikufaje. Lakini hakuna aliyesafirishwa bara.

Kisha akaja tarishi. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, anataka askari wote wa zamani wajipange mjini na nishani zao, mizinga itapigwa kwa heshima yao.

"Mwambie hawaji," nikasema.

"Kasema nani?"

"Sie wake zao."

Akajikuna kichwa. "Basi niseme wanaumwa?"

"Usiseme wanaumwa. Sema wana kazi."

Siku hiyo tuliondoka na majembe, tukaenda kulima shamba la mihogo la mwenzetu, mbali kwenye Barabara ya Kilwa. Jua lilipopanda mlio wa mizinga ukatufikia, mdogo, kama mtu anayetwanga kijiji cha pili. Yule Mkristo akaangusha jembe, akaanza kutetemeka. Mume wangu akamwita kwa mbali, kisha akaenda akasimama ubavuni mwake. Wengine wakawasogelea. Wakasimama hivyo mpaka mlio ukakoma, ndipo wakaokota majembe yao.