Kikombe cha Sitini na Mbili

Kanisani walimwita Dobi, maana ndiyo kazi yake: kufua mashuka ya hospitali, ya damu na ya usaha, mpaka yatoke meupe. Kila Jumamosi jioni alikwenda kuosha vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana na kuvipanga kwenye sinia. Watu walimsifia moyo wake mweupe. Laiti wangeuona! Washiriki walikuwa sitini na wawili, naye alipanga vikombe sitini na kimoja. Chake hakukiweka. Kinyongo alikuwa nacho, na kunywa akiwa nacho aliogopa, kwa hiyo miaka saba sinia lilipita mbele yake akiwa ameinamisha uso.

Kinyongo chenyewe kilikuwa dhidi ya mdogo wake. Mama yao alipozidiwa, mdogo mtu ndiye aliyekuwa akimuuguza. Mama akakata roho siku ya nne, akazikwa siku ya tano, na Dobi, aliyekuwa mwendo wa saa mbili tu kwa basi, akapata habari udongo umeshakauka. "Nilijua una kazi nyingi, dada," ndivyo alivyoambiwa. Kazi nyingi! Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa mdogo wake. Mchungaji alisema naye wee, mpaka akachoka. "Nitamsamehe akiniomba," Dobi alijibu, akaendelea kusugua vikombe utadhani ndivyo vilivyomkosea.

Kilichomwamsha hakikuwa mahubiri. Binti yake alikorofishana na kaka yake kwa ajili ya kabati la nguo, kabati bovu lisilofunga hata mlango, mwezi mzima ukapita hawasemeshani. Dobi akaona aingilie.

"Mwanangu, yule ni kaka yako. Mpigie simu."

"Mbona wewe humpigii mama mdogo?" Binti wala hakupandisha sauti. "Mimi nakufuata wewe, mama."

Aibu ilimpanda Dobi mpaka masikioni.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, akapanda basi. Alimkuta mdogo wake kibarazani anachambua mchele, amezeeka, miguu imevimba. Njia nzima Dobi alikuwa anapanga maneno, lakini kabla hajafungua kinywa mwenzake alimwahi.

"Karibu, dada. Usiwe na wasiwasi, mimi nilishakusamehe zamani."

Wewe umsamehe nani? Damu ikamchemka Dobi. Alitamani aupige teke ule mchele umwagike wote. Badala yake akauliza lile swali lililomkosesha raha miaka saba.

"Mama aliniita?"

Mikono ya mdogo mtu ikasimama.

"Siku tatu nzima. Mimi namlisha, namgeuza, namwosha, yeye anakuita wewe. Mimi hata mara moja hakunitaja. Nikasema basi, na wewe asikuone." Akainamisha kichwa. "Nilifanya makusudi, dada. Nisamehe."

Dobi akalia, na alilia kwa hasira, si kwa huruma. Kumbe ni kweli, mama alimwita. Hakuona nuru wala hakusikia amani yoyote ikimshukia. Aliona miguu iliyovimba, na mchele, na mtu aliyemnyima mama yake.

"Nimekusamehe," akasema, meno yamebanana. "Nasema kwa sababu Bwana ameniagiza. Moyo wangu hautaki."

"Najua," mdogo wake akajibu. Hawakukumbatiana.

Jioni aliwahi kanisani. Akaosha, akapanga sitini na kimoja. Kisha akaongeza kimoja.

Kesho yake sinia lilipofika kwake, binti yake kando akimtazama, akachukua kikombe akanywa. Uchungu wa mama ulikuwa palepale.

"Bwana," akasema kimoyomoyo, "jana nilimsamehe. Leo nimeamka namchukia tena. Basi na leo nimemsamehe. Kesho nikumbushe."