Picha ya Shangazi na Tumbo la Kidichi

Tulikuwa watu wanne wenye kamera, na kila Jumapili baada ya sala ya alasiri tulikutana barazani kwa karani mmoja wa bandarini, Mji Mkongwe, kuoneshana picha. Wengine wawili walikuwa mwalimu na fundi saa. Mimi nilikuwa mdogo wao, muuzaji katika duka la vitabu, na kamera yangu ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote. Ya karani ilitoka Ujerumani, na kwa ajili hiyo picha zake zilikuwa nzuri hata kabla hazijasafishwa.

Tulikuwa na desturi moja: bahasha kutoka kwa msafishaji picha haifunguliwi ila mbele ya wote. Jumapili ninayoikumbuka, karani alikuja na bahasha yake, nami na yangu. Alikuwa ameshatuhadithia wiki nzima safari yake ya Kidichi, kupiga picha za yale mahamamu ya kale, mabafu ya kifalme.

Akafungua. Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mzima aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, jua limemwangukia mikononi. Karani akaitazama kama mtu aliyesahau jina la mgeni wake. Kisha akasema huyo ni mkulima wa Kidichi. Alimwomba ruhusa mumewe, akangoja saa nzima mpaka jua likapenya migombani.

Mwanamke yule alikuwa shangazi yangu. Alikuwa amekaa uani kwake, Kiembe Samaki, na mumewe alikuwa amekufa miaka sita nyuma.

Mwalimu alikisifu kivuli. Fundi saa alisema mikono ile inasikika ikikuna. Nami, Mungu anisamehe, nilisema mashaallah. Karani alikuwa mtu mkubwa, na kahawa ilikuwa yake.

Ikafika zamu yangu. Bahasha yangu ilijaa makuba ya Kidichi yaliyolala upande, na katika mbili kidole kimeziba kona. Mwalimu alisikitika. Fundi saa aliniuliza kama nilikuwa na homa siku ile. Karani mwenyewe alizitazama moja moja, pasi na haya, akaninasihi nizuie pumzi ninapobonyeza.

"Kamera haina kosa," aliniambia. "Kosa ni haraka ya ujana."

Hapo nikaudhika. Nikatoa picha ya mwisho, ambayo walikuwa hawajaiona bado. Mtu amesimama mlangoni pa hamamu, kanzu nyeupe, bakora ya mpingo mkononi. Aliyempiga alikuwa amemkata kichwa, lakini tumbo lile tulilijua sote. Lilikuwa limekaa mbele yetu.

"Huyu si wewe, bwana?" akauliza fundi saa.

"Ndiye," nikasema. "Na yule mkuna nazi ni shangazi yangu. Bahasha zimebadilishana kwa msafishaji picha."

Karani akasema msafishaji picha yule ni mzembe, na wote wakaafiki kwa furaha. Wakamlaumu mpaka kahawa ikapoa. Hakuna aliyeuliza habari ya mume wala ya saa nzima migombani.

Kisha mwalimu akaichukua tena picha ya shangazi, akaiweka karibu na macho. Akasema kwamba, ukiitazama vizuri, kivuli kimezidi. Fundi saa akaona mikono haikutulia. Karani, kwa upole, akasema kwa mwanafunzi si mbaya.

Nilimpelekea shangazi picha yake, nikamweleza yote. Aliiweka ndani ya msahafu. Hakucheka.

"Na wewe ulisema nini walipokuwa wakimsifu huyo karani?" akaniuliza.

Nikamwambia nilisema mashaallah. Akarudi jikoni, na siku ile sikukaribishwa chakula.

Ungedhani sikurudi tena barazani. Nilirudi Jumapili iliyofuata. Karani alizitandaza zile picha za Kidichi upya, safari hii kwa jina lake. Mwalimu akagundua kwamba makuba yaliyolala yanaonesha uchovu wa karne nyingi. Fundi saa akasema kidole kile kinamfanya mtazamaji ajione yuko pale. Wakanigeukia mimi. Nikaishika picha ya mtu asiye na kichwa, nikasema kwamba hapa mpigaji ametuachia nafasi ya kufikiri.

Karani akanimiminia kahawa mimi kwanza.