Zambarau Niliyoificha Mgombani

Mwezi uliopita umeme ulikatika hapa Pasua, mjini Moshi, wakati ninanyoosha gauni jeupe la binti yangu, la komunyo ya kwanza. Nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani. Kabla sijaigusisha kwenye kitambaa, mkono wangu ulikwenda wenyewe uani, ukachana kipande cha jani la mgomba, nikaisugua pasi juu yake ili itakate na iteleze. Jani likalia, likatoa ule moshi wake wa ubichi unaoungua. Niliiweka pasi chini, nikakaa. Mtu mzima mimi, nimekalishwa na harufu ya jani.

Harufu hiyo ni ya Bibi Apolonia, mama yake baba. Nikiwa na miaka saba tuliishi katika kihamba chake, shamba la ukoo juu mlimani, nyumba katikati ya migomba na mibuni. Bibi ndiye aliyefua na kunyoosha mavazi ya padre ya kigango chetu. Kanisani kulikuwa na kabati, lakini lilikuwa na panya wengi kuliko waumini, hivyo mavazi yalilala kwetu, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi.

Mimi sikuwa na kalenda nyingine zaidi ya sanduku lile. Kijani kilikaa Jumapili baada ya Jumapili, mpaka nikakizoea kama uji. Nyekundu ilitoka mara chache, na Padre, ambaye Mungu alimjalia mwili, akiivaa hata aliyesinzia benchi la nyuma aliamka. Nyeupe ilikuwa Noeli, Pasaka na arusi. Kwangu mimi nyeupe maana yake ilikuwa pilau. Rangi niliyoiogopa ni zambarau.

Hakuna aliyeniambia niiogope. Nilijionea mwenyewe. Ilitoka sandukuni katikati ya wiki, kesho yake tukamzika Babu karibu na mibuni. Ikatoka tena, tukamzika jirani aliyekuwa akinipa miwa. Wakati wa Kwaresima ikatoka, ikakaa wiki nyingi, na wazee wawili wakaondoka kabla ya Pasaka. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto: zambarau inatoka kwanza, halafu ndipo inamtafuta mtu.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Alhamisi moja, mwishoni mwa Novemba, alianza kutokwa damu. Wakamshusha hospitali mjini Moshi, baba akaenda naye. Sikupata kumuaga. Nilichoona ni ncha ya kanga yake tu, imebanwa na mlango wa gari.

Jumamosi asubuhi akaja katekista. Mtaani petu yeye ndiye aliyekuwa na simu, na baba alimpigia yeye.

“Shikamoo, mama. Kesho ni zambarau,” alimwambia Bibi pale mlangoni.

“Marahaba. Nimeshaitoa. Na kule chini wanasemaje?”

Katekista akanitazama, akashusha sauti, lakini masikio ya mtoto hayashushiwi sauti. “Daktari amesema tusali sana.”

Bibi alikuwa na kawaida ya kugombana na pasi yake, anaiita mvivu, anaiita jeuri. Siku hiyo hakuisemesha. Aliisugua kwenye jani mpaka jani likachanika, kisha akanyoosha upande uleule wa kasula, lile joho la zambarau la Padre, mara mbili, mara tatu, kama haoni anachofanya. Nikajua anayetafutwa ni mama.

Alasiri Bibi alikwenda kukata majani ya ng'ombe. Kasula alikwisha kuikunja ndani ya kikapu na kuifunika kitambaa. Niliichukua. Bado ilikuwa na joto, kama kuna mtu ameivua sasa hivi, nikakaribia kuitupa. Nilikimbia nayo hadi chini kabisa ya kihamba, kwenye mgomba uliokatwa jana yake. Nikaisukumiza katikati ya maganda ya shina lile, nikaifunika kwa majani makavu, nikapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Kama haina njia ya kutoka, niliwaza, haitamfikia mama.

Jioni ile nilikaa karibu na mlango. Kila mbwa alipobweka nilidhani zambarau imetoka yenyewe, inashuka barabara ya Moshi.

Jumapili asubuhi Bibi akafunua kikapu. Hakuuliza ni nani. “Iko wapi?” aliniuliza. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Bibi alikuwa na methali yake kwa kila kosa langu, gauni lililochanika, kikombe kilichovunjika: “Mficha maradhi, kifo humuumbua.” Nilikuwa nimeisikia mara mia bila kuumia. Siku hiyo nililisikia neno kifo peke yake.

“Nimeificha ili mama asife!” nikapiga kelele.

Bibi akakaa juu ya sanduku. Nilisubiri fimbo, fimbo haikuja.

“Nionyeshe,” akasema hatimaye.

Mtu yeyote aliyezaliwa kihambani anajua kwamba utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Ndiyo maana kila mmoja wetu ana nguo zake mbovu za kuingilia mgombani. Mimi hofu ilinisahaulisha jambo linalojulikana hata na watoto wa miaka mitatu. Kasula ilitoka na doa la kahawia kubwa kama kiganja, kifuani kabisa. Bibi akalipaka limao, akasugua, likabaki pale pale.

“Hii ya leo siyo ya mazishi, mama,” aliniambia huku anasugua. “Ni Majilio. Tunamngoja mtoto azaliwe.”

“Na mtoto wetu?”

“Naye tunamngoja.” Akakamua limao tena. “Ingekuwa inasaidia, hata mimi ningeificha.”

Padre aliivaa hivyo hivyo. Akina mama walinong'ona, na baada ya misa Bibi akawaambia wote kwamba uzee umemfanya mzembe. Mimi nilikuwa nyuma ya kitenge chake, nimeshika pindo.

Jumatano nilipotoka shule nilikutana na harufu ya jani njiani. Nikakimbia. Mezani kulikuwa na nyeupe! Nyeupe yenyewe, ya Noeli! Basi mama amepona, nikawaza, mtoto amezaliwa, na mbele kuna pilau. Nikaizunguka meza nikiimba wimbo wa Noeli kwa sauti yangu yote. Bibi hakuinua uso, ila nilipofika kwenye kiitikio, aliitikia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakatikakatika. Nilidhani ni moshi wa pasi.

Alhamisi baba alirudi bila mama, na kisanduku kidogo mapajani. Mdogo wangu alizaliwa Jumatatu, akaishi siku mbili. Muuguzi alimbatiza alipoona hali yake, na mtoto mchanga aliyebatizwa, Kanisa humzika kwa nyeupe. Padre akasimama mgombani na kasula ile nyeupe niliyoizunguka nikiimba, na mimi nikalia mpaka sauti ikaisha. Mama alirudi baada ya wiki, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Yupo hadi leo, anafuga kuku na kunigombeza kwa simu. Lakini kwa miezi mingi niliogopa rangi zote, hata kijani, maana sikujua tena ni ipi ya kuficha.

Nimekuwa mama mwenyewe ndipo nikaielewa Jumatano ile. Simu ya katekista ililia alfajiri: mtoto amefariki. Nilipoingia naruka na mkoba wa shule, Bibi alikuwa anajua tangu asubuhi nguo ile ni ya nini. Neno moja lingetosha kuninyamazisha. Aliniachia alasiri nzima niimbe, yeye ananyoosha nguo ya kumzikia mjukuu wake, na kila nilipofika kwenye kiitikio, akaitikia.