Makofi ya Mustafa

Umande haujakauka mtaani Amalemba, na Hezekiah Were amekwisha kuwasha moto wa mabua nyuma ya nyumba yake. Ngoma tatu za isukuti zimepangwa kuuzunguka, kubwa, ya kati na ndogo. Anazigeuza ngozi zikaze, anazigonga kwa kidole, anasikiliza, anazirudisha.

Ngoma ndogo leo haina mpigaji. Hata hivyo anaipasha kama zile nyingine.

“Siwezi kuiacha baridi,” anasema. “Mwenyewe alikuwanga mkali sana kwa hiyo ngoma.”

Mwenyewe ni Mustafa, kijana wa Matungu aliyefariki mwezi uliopita baada ya malaria kumpanda kichwani. Kila timu yao, Shieywe Rangers, ilipocheza nyumbani, alisimama kushoto kwa Hezekiah, jezi ya kijani ikimfika magotini, akipiga ngoma hiyo mpaka vidole vivimbe.

Hezekiah ni fundi wa kuwamba ngoma. Kuna wiki anapata kazi mbili, kuna wiki hapati hata moja, ila siku ya mechi haulizwi habari za kazi. Siku hiyo yeye ndiye kiongozi wa mashabiki, na kelele yote ya jukwaa inamngoja yeye.

Mustafa alifariki Alhamisi alfajiri. Mashabiki walipopata habari walijipanga kama walivyozoea kwao. Wakaitisha mchango, wakatafuta lori, wakaafikiana kwamba mazishi yatakuwa Jumamosi. Hakuna aliyeuliza familia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii iliwaumiza kweli.

Jumamosi lori liliingia Matungu na filimbi, nyuso zimepakwa kijani na nyeupe, Hezekiah mbele akiipiga ngoma kubwa. Langoni akatoka mzee mmoja mwenye kofia, amenyanyua mkono.

“Asalaam aleikum. Karibuni, ndugu zetu,” alisema Abdulfatah, mjomba wa marehemu. “Lakini ngoma ziacheni nje. Kijana tulimzika Alhamisi hiyo hiyo, baada ya alasiri.”

Filimbi zilinyamaza moja baada ya nyingine. Kundi lile linalosikika mpaka Lurambi lilipiga foleni kwenye mfereji, likanawa rangi usoni, likavua viatu na kuketi mkekani kimya kama watoto wa chekechea.

“Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze,” Hezekiah anakumbuka. “Sisi kijana wetu tunamsindikizanga na isukuti. Huyu alienda bila mimi kumwambia kwaheri. Nikajiambia, kama sitampigia, basi ngoma nimeacha. Nitafute kazi ingine.”

Pale mkekani Swafia, mama yake Mustafa, aliwageukia.

“Kumbe nyinyi ndio alikuwa ananitoroka kila Jumamosi akuje kwenu?”

“Ndio sisi, mama. Utusamehe.”

Aliwapakulia wali yeye mwenyewe. Walipoaga, Hezekiah akajikaza kiume, akaomba ruhusa ya kumpigia Mustafa uwanjani. Jibu la mama lilikuja kwa simu, juzi.

“Kwangu ngoma hapana. Lakini huko uwanjani kwenu, mpigieni. Na mimi nitakuja nione ni nini ilikuwa inaninyang’anya mtoto.”

Na leo amekuja kweli, na buibui lake jeusi katikati ya bahari ya kijani. Hezekiah anamketisha mstari wa mbele, anaiweka ngoma ndogo kando yake, kisha anaanza.

Ngoma kubwa inaunguruma, ya kati inajibu. Inapofika zamu ya ndogo, pako kimya. Kila mtu analisikia pengo hilo. Machozi yanamlenga Hezekiah, anarudia tena.

Safari hii pengo linapofika, makofi yanalijaza. Hakuna aliyeyapanga. Yanaanza kushoto, pale pale aliposimama Mustafa, yanaenea jukwaa zima, watu wamesimama na mikono juu ya vichwa, wanapiga sehemu yake pigo kwa pigo bila kukosea.

Swafia anamvuta Hezekiah shati. “Hiyo ya makofi ndiyo yake?”

“Ndiyo yake, mama. Hivyo ndivyo alikuwa anapiga.”

“Watu wote hawa wanaijua?”

“Wote, mama.”

Mama anacheka huku analia, bila kujificha. Kisha anaweka mkoba chini, anasimama, na kupiga makofi na wenzake. Rangers wanashinda bao moja kwa bila, ingawa ukiwauliza mashabiki wa jukwaa lile nani alifunga, wengi watakuna kichwa.

Hezekiah ameshaamua. Ngoma ndogo itapashwa moto kila siku ya mechi na haitapewa mpigaji mwingine. Zamu yake ni ya makofi.

Jioni anamsindikiza Swafia kwenye gari la Matungu. Mama anapanda, anaketi, halafu anafungua dirisha.

“Wewe Hezekiah, mechi ingine ni lini?”

“Jumamosi ijayo, mama.”

“Basi pale kando ya ngoma yake, usikalishe mtu.”