Mikeka ya Sebule ya Mzee Dawood

Hebu mwone Felista akifika Mikindani. Bajaji inakata kona kando ya ghuba, polepole, kwa sababu juu yake yamefungwa madema, ile mitego ya samaki inayosukwa kwa fito, na kila gurudumu likiingia shimoni madema yanayumba kama yanayotaka kurudi majini. Ndani amekaa mama mnene kiasi, mwenye miwani, amekumbatia mfuko wa vifuu vya nazi vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa.

"Mama, samaki wanakuja na bajaji nyingine?" dereva anauliza.

"Hakuna samaki. Hizi ni taa."

Dereva anarudisha macho barabarani. Wiki iliyopita alimbeba na gogo.

Felista alizaliwa Mbinga, akaja Mtwara kumfuata mumewe Mathayo, karani wa bandarini, wakajenga Likombe. Mji ulimjua kwa kupamba kumbi: harusi, sendofu, kipaimara. Alianza kama wapambaji wote, kwa vitambaa vya kumetameta na maputo. Kisha, bila kushauriwa na mtu, akaanza kuleta majani. Alisema ukumbi wa maputo unamkumbusha mtu dukani, na ukumbi wa majani unamkumbusha nyumbani kwa bibi yake, na watu hula vizuri zaidi kwa bibi.

Siku ya kumuaga mwalimu mkuu mmoja aliyestaafu, alipamba kwa matawi ya mkorosho yenye maua. Ilikuwa mwezi wa Julai, na matawi yalitoka kwenye shamba lililopulizwa dawa ya salfa asubuhi ileile. Wewe uliyekulia kwenye korosho unajua ile salfa ya unga inavyofanya puani. Mgeni rasmi alipiga chafya kuanzia "ndugu zangu" mpaka mwisho, na ukumbi mzima ukamsindikiza. Hotuba ikawa fupi. Wapo waliomshukuru Felista pembeni, lakini jina la Mama Majani lilianzia hapo.

Jina hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kazi zake zote zilivunjwa. Muziki ukizimwa tu, mwenye ukumbi anataka ukumbi wake, na kesho yake mbuzi wanakula mapambo nje ya uzio. Miaka yote hiyo hakuwa na chumba hata kimoja cha kumwonyesha mtu mchana kweupe na kusema, hiki nimekitengeneza mimi. Hata nyumbani kwake hakikuwepo. Mathayo alikuwa ameshaweka sharti kwamba jani lisivuke mlango wa jikoni.

Ndiyo maana Samreen alipomwita, alikubali kabla hajaambiwa kazi yenyewe.

Samreen ni binti wa Mzee Dawood, mwenye duka na nyumba ya wageni pale Mikindani. Vyumba vya kulala viko juu, duka liko chini, na pembeni ya duka kuna sebule kubwa. Wageni hunywa chai humo, na wanawake wa kikoba na kamati ya maji ya mtaa hufanyia vikao humohumo, kwa kuwa mzee hakuwahi kumfukuza mtu. Shida ilikuwa sebule yenyewe. Kulikuwa na masofa mekundu ambayo bado yalivaa nailoni ya kiwandani, maua ya plastiki, na picha kubwa ya milima yenye theluji. Aliyekaa kwenye nailoni ile mwezi wa Februari aliinuka na suruali imemganda. Kabati la vyombo lilisimama mbele ya dirisha pekee linaloangalia ghuba, kwa hiyo upepo wa bahari uliishia kwenye mgongo wa kabati.

"Baba yuko Dar, anatolewa mtoto wa jicho," Samreen alimwambia. "Anarudi Jumamosi na ndege ya mchana. Akikuta sebule imekamilika, atanung'unika kidogo halafu atazoea. Akikuta nusu nusu, dada Felista, atarudisha kila kitu mahali pake na mimi atanirudisha shule."

Samreen alikuwa na miaka arobaini.

Basi wakaanza. Rangi ya mafuta ilikwanguliwa mpaka yakatokea mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba, yakapakwa chokaa nyepesi. Kabati lilihamishwa, na upepo ukaingia kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Mtumbwi mkuukuu kutoka Msimbati, uliopasuka kiasi cha kukataliwa hata na wenye kuni, ukawa rafu ya vikombe. Madema yaligeuzwa na kuning'inizwa darini, ndani yake balbu, na taa zilipowashwa ukuta mzima ulijaa vivuli vya fito.

Ilibaki sakafu. Felista alikuwa ameagiza mikeka mipya kutoka Kitaya. Ilipofunguliwa Jumamosi asubuhi, ilikuwa ya zambarau na kijani, mizuri, mikali, na kwenye chumba kile ilionekana kama redio iliyofunguliwa msikitini. Felista aliitazama muda mrefu. Kisha akavuka njia kwenda kwa Bi Salma, mama anayeujua mtaa mzima na kujulikana nao.

"Bi Salma, nisaidie mikeka. Siyo mipya. Ile mnayokalia nyumbani, iliyokwisha kulainika. Mingi, na iende kwa Mzee Dawood sasa hivi."

Bi Salma alitazama ng'ambo ya njia. Duka lilikuwa limefungwa, na duka lile mara ya mwisho kufungwa Jumamosi ni alipofariki mama wa Mzee Dawood. Masofa yote yalikuwa yametolewa barazani. Samreen alikuwa amekaa kwenye ngazi, macho mekundu, anajifuta kwa pembe ya mtandio, kwa sababu chokaa ilikuwa imemwingia tangu alfajiri. Na mzee mwenyewe, watu walimwona akipelekwa hospitali huku ameshikwa mkono.

"Pole sana, mama," alisema Bi Salma.

"Asante," alisema Felista. Kazi ilikuwa kweli imemchosha.

Wewe na mimi tunajua. Nyumba ikitoa masofa nje na kutandika mikeka ndani, haiulizwi. Felista naye alijua, amekaa kwenye misiba mingi kuliko harusi alizopamba. Lakini asubuhi ile alikuwa anaona rangi na misuko ya ukindu tu. Alichokiona ni kwamba mikeka imekuja upesi ajabu, kutoka kila nyumba, wala hakuna aliyeuliza italipwa vipi. Akajisemea kwamba watu wa Mikindani wana moyo.

Alitandika mwenyewe, mkeka juu ya mkeka, ya rangi ya majani makavu na ya rangi ya mchanga. Alipomaliza akarudi mpaka mlangoni kutazama. Chumba kilikuwa kimetulia. Akatamani Mathayo angekuwepo, halafu akakumbuka Mathayo angesema nini, akaacha kutamani.

Wanawake wakaanza kuingia. Walivua viatu mlangoni, wakajitanda khanga, wakakaa chini na kuegemea ukuta bila kelele. Felista alisimama pembeni akiwatazama. Hajawahi kuona watu wakiingia kwenye chumba chake kwa adabu kiasi kile. Bibi mmoja alikuwa akipapasa mkeka kwa kiganja, macho yako kwenye vivuli vya ukutani.

"Mnaonaje, mama?" Felista alimnong'oneza.

"Tutafanyaje, mwanangu. Ni kupokea tu."

Halikuwa jibu alilotegemea, lakini wateja wa sendofu wamewahi kumjibu vibaya zaidi.

Harufu ya moshi ikaja kutoka uani. Watu walikuwa wameshainjika sufuria. Hapo ndipo alipoingia Mzee Hashimu, rafiki wa Dawood tangu chuoni, kofia mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Samreen.

"Anafika saa ngapi, mwanangu?"

"Ndege inatua saa nane, baba mdogo."

"Vizuri. Tutawahi kabla ya alasiri. Vijana wameshakwenda kuchimba."

"Kuchimba nini?"

Hashimu alimtazama kwa huruma. Mfiwa huwa hivyo, akili humhama.

"Kaburi, Samreen."

Samreen alimgeukia Felista. Felista aliyatazama masofa barazani, akaitazama mikeka, akawatazama wanawake walioegemea ukuta, na chumba kizima kikamgeukia mbele ya macho, jani kwa jani, kikawa kile ambacho kila mtu alikiona isipokuwa yeye.

"Waambie waondoke," Samreen alisema akiwa ameuma meno.

"Waambie wewe. Baba ni wako."

"Mikeka ni yako!"

"Na hata wakiambiwa, wali umeshatelekwa. Nani ataondoka?"

Ilikuwa kweli. Samreen alimwambia Hashimu kwamba baba yake ni mzima, ameongea naye kwa simu akiwa uwanja wa ndege. Hashimu aliliwasilisha jambo hilo kwa waliokuwepo. Watu walifurahi sana, wakamshukuru Mungu, na wakabaki wamekaa. Bi Salma alisema si vizuri watu kutawanyika kabla mwenyewe hajafika. Mtu alitumwa makaburini kuwasimamisha vijana. Shimo lilikuwa limefika magotini.

Felista alitoka, akakaa kwenye sofa moja la barazani, nailoni ikalia. Hakuwa na hofu ya kugombezwa. Mtu aliyemnyima mgeni rasmi hotuba haogopi tena kugombezwa. Alikuwa akiwaza kwamba mzee akikuta nyumba yake imefanywa matanga, jioni masofa yatarudi ndani, theluji itarudi ukutani, na chumba hiki nacho kitaishi saa chache kama vingine vyote.

Teksi ilisimama. Mzee Dawood alishuka, mwembamba, kanzu nyeupe, miwani myeusi ya hospitali. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameuona mtaa wake kupitia ukungu. Sasa aliiona kila sura. Aliwatazama wanaume waliokaa kwenye masofa yake, akamtazama Felista, akavua viatu, akaingia. Mzee alitafuta nafasi ukutani, akakaa mkekani.

"Nani amefariki?" aliuliza.

Watu walimgeukia Hashimu.

"Hashimu. Nani?"

"Wewe," alisema Hashimu.

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Mbona hamkunipigia simu?"

"Tulidhani unajua."

Mzee Dawood alitikisa kichwa taratibu. Alikitazama chumba sehemu kwa sehemu: mawe, mtumbwi wa vikombe, dirisha lililokuwa na kabati. Ghuba ilikuwa imejaa pale dirishani, maji yako juu. Mwisho akainua macho darini.

"Na haya madema? Mliogopa ningetoroka?"

Bi Salma alicheka akajiziba kwa khanga. Hashimu hakucheka, alisema ndiyo, kwa tabia zake za ujanani wasingeweza kuwa na uhakika.

"Masofa yangu nani kayatoa?"

"Mimi, mzee," alisema Felista kutoka mlangoni. "Si Samreen."

"Wewe ndiye Mama Majani."

"Ndimi."

"Yarudishwe ndani. Mikeka kila mtu achukue wake. Nimechoka, na mimi ni marehemu."

Hakuinuka mtu. Felista mwenyewe ndiye aliyeinama kushika pembe ya mkeka wa kwanza, kwa sababu kubomoa ndiko alikokuzoea, na alitaka liishe upesi. Bi Salma aliukalia.

"Mkeka wa msiba hauanuliwi kabla ya tanga kwisha," alisema. "Ni mkosi kwa mwenye nyumba. Mimi mkono wangu sitautia."

"Tanga la nani, Salma?" mzee aliuliza.

"Lako."

"Mimi sijafa."

"Ndiyo nasema. Tanga lako halijaanza hata siku ya kwanza. Litakwishaje?"

Mzee Dawood alimtazama Hashimu. Hashimu, ambaye aliuza korosho mnadani maisha yake yote na anajua kukubali bei, alisema hoja hiyo yeye haoni pa kuivunjia. Mzee si mtu wa kuamini mikosi. Amewahi kuwacheka watu dukani kwa ajili ya bundi. Lakini alikuwa ametoka kuvuliwa bandeji jana, na shimo lake, aliambiwa, lilikuwa limefika magotini, hakuona sababu ya kulijaribu jambo lile kwa mwili wake mwenyewe. Alinyoosha miguu. Upepo wa dirishani ulimpitia kwenye kanzu.

"Leteni wali," alisema. "Sijawahi kula msibani kwangu."

Shimo la makaburini wakalipandia mgomba. Masofa yako barazani mpaka leo, na kuku mmoja ameshataga chini ya moja. Kikoba hukutana mkekani, na wageni wanaolala juu hushuka kunywa chai wakapiga picha madema, wakauliza nani alibuni. Samreen huwatajia Mama Majani wa Likombe. Wenye mikeka walilipwa, wote isipokuwa Bi Salma, aliyekataa kwa kuwa mkeka wa msiba hauuzwi.

Mikeka ya ile sebule itaanuliwa siku mzee atakapoondoka duniani na tanga lake likaisha. Hilo lilikubaliwa mbele ya mashahidi.

Felista hupita Mikindani kila anapopata nafasi. Chumba anakitazama mara moja tu, kutokea mlangoni, kisha anakwenda dukani. Anamuuliza mzee amelalaje, presha inasemaje, chumvi amepunguza? Masika, mzee alipopata malaria, alimpelekea uji kutoka Likombe kwenye chupa ya chai, akasimama hapo mpaka umekwisha wote. Mzee Dawood anasema hajawahi kupendwa hivi na mtu ambaye si ndugu yake. Samreen anaendelea kupanga sabuni.

Sasa wewe uliyekuja naye tangu kwenye bajaji niambie: Felista anapomuulizia mzee hali yake, anamuulizia mzee, au anakiulizia chumba?